Mkono na Mwangwi

Katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Pemba palikuwa na mkono uliojulikana kuliko mwenyewe. Watu walisema tu, "Mpelekeni kwa Bibi," na kila aliyesikia alifahamu ni bibi yupi na mgonjwa anakwenda kufanyiwa nini. Mzazi aliyejifungua kiuno kikamkataa, mchumaji karafuu aliyeteleza tawini akategua bega, mtoto mchanga aliyelia usiku kucha kwa msokoto wa tumbo: wote walipita chini ya mkono ule na kichupa chake cha mafuta ya nazi. Bibi hakusoma skuli. Alichosoma ni miili ya watu, nayo aliisoma kwa ncha za vidole, kama mtu asomaye gizani.

Basi alasiri moja mkwewe alikuwa uani akimwosha mtoto wake wa kiume, umri wake miaka mitatu. Sabuni ikateleza ubavuni upande wa kushoto, chini ya mbavu, na kiganja cha mama kikakutana na kitu kigumu, laini juu yake, cha mviringo, kisichouma. Mtoto akacheka, akadhani anatekenywa. Mama akarudia mara ya pili, kisha ya tatu. Akamwita mkwewe.

Hivyo ndivyo maradhi ya namna hii yanavyogunduliwa aghalabu, si Pemba tu bali kokote duniani: mama anamwosha mtoto, au anamvisha, au baba anamnyanyua akacheza naye. Mtoto anakula, anakimbia, hana homa wala kilio. Tumbo limejaa kidogo, na tumbo la mtoto wa miaka mitatu ni jambo la kawaida kujaa. Uvimbe huo hauna haraka ya kujitangaza. Mwenye haraka anapaswa kuwa yule aliyeugusa.

Kila nyumba ya mwambao ina majina yake kwa tumbo lililojaa. Kuna bandama, ambayo hufura kwa homa za malaria zinazorudi rudi. Kuna safura, ambayo mtoto hupauka na kuvimba kwa minyoo inayomnyonya damu. Kuna kichocho, ambacho visiwa hivi vimekijua kwa vizazi, na ambacho humfanya mtoto akojoe damu. Majina haya hayakuzuka kwa ujinga. Yametokana na kuona na kuzika, na mara nyingi ndiyo yaliyo sahihi. Kwa kuwa huwa sahihi mara nyingi, ndiyo maana hupotosha ile mara moja ambapo si sahihi.

Bibi akaweka mkono wake ubavuni pa mjukuu, akasema, "Bandama hii." Akalichua tumbo siku tatu, magharibi kwa magharibi, polepole, kwa mafuta yaliyopashwa moto, akitaka kile kigumu kilainike. Siku ya nne mkojo wa mtoto ukatoka mwekundu kama maji yaliyooshewa nyama. Sasa jina likabadilika, likawa kichocho. Zikatolewa dawa za kichocho, zikamezwa, zikapita wiki mbili. Mtoto hakuwa ameanza kwenda mtoni wala kuoga madimbwini na wakubwa zake, lakini hilo halikuulizwa. Bibi akasema subira yavuta heri. Mama mtu alikuwa na subira, ila usiku alikuwa akiweka kiganja pale pale, na kila usiku kiganja kilionekana kuwa kidogo zaidi.

Katika kituo cha pili walimkuta tabibu kijana. Alimlaza mtoto, akaweka mkono tumboni mara moja tu, bila kubonyeza, akauondoa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumbo hili limechuliwa?"

"Nimelichua mimi. Siku tatu."

"Ahsante kwa kuniambia kweli, bibi. Kuanzia leo lisichuliwe, lisikandwe, wala lisibonyezwe. Hata mimi silishiki tena, mpaka lipigwe picha."

Bibi hakujibu. Katika umri wake wote hakuna aliyewahi kuuambia mkono wake ukae.

Amri ile ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ina historia. Katika mwaka wa 1899 mpasuaji wa Kijerumani, Max Wilms, alitoa utafiti mpana juu ya uvimbe mchanganyiko unaoota katika figo za watoto. Wengine walikuwa wamekwisha kuuona kabla yake, lakini jina lililobaki ni lake, na hadi leo madaktari husema uvimbe wa Wilms. Huwapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano. Hutokana na chembe za figo ambazo zilipaswa kukomaa kabla ya mtoto kuzaliwa, zikabaki changa na kuendelea kukua bila ya mpaka. Mara nyingi uvimbe huwa umefungwa ndani ya ngozi nyembamba, kama embe lililoiva mno. Ngozi hiyo ikipasuka, chembe humwagika ndani ya tumbo, na ugonjwa uliokuwa mahali pamoja huwa umepanda daraja: dawa zinaongezeka, na huenda mionzi ikahitajika pia. Ndiyo maana huwekwa kibao juu ya kitanda cha mtoto kama huyu, kuwakataza hata madaktari wasimshike tumbo. Mkono wa mama ndio uliofumbua siri, na baada ya hapo mikono yote inapaswa kutulia.

Lakini ikiwa mkono umekatazwa, ni nani atakayesema kilichomo ndani?

Zamani jibu lilikuwa kisu. Tumbo lilifunguliwa ili lijulikane. Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi ya eksirei mwezi wa Novemba 1895, na mwezi uliofuata akaupiga picha mkono wa mkewe, dunia iliona mifupa na pete kidoleni. Mfupa ulijitokeza, ila tumbo lilibaki ukungu, kwani figo, ini na utumbo huwa karibu sawasawa mbele ya mionzi hiyo. Baadaye madaktari walijifunza kutia dawa ya rangi katika mshipa, ikachujwa na figo, na figo ikaonekana kama kivuli cheupe kilichosukumwa pembeni. Kivuli kilionyesha kwamba kuna kitu kinachosukuma, bila ya kueleza ni kitu gani.

Njia nyingine ilikuja kutoka baharini na viwandani. Wavuvi na manahodha wa mwambao wanaijua bildi: risasi iliyofungwa kambani, ikateremshwa majini mpaka igonge chini, kisha pima zikahesabiwa. Mabaharia wa vita vya karne iliyopita waliiacha kamba wakatumia sauti. Sauti ilipelekwa chini ya maji, ikagonga nyambizi, ikarudi, na muda wa kurudi ukaeleza umbali. Katika viwanda vya chuma sauti hiyo hiyo ilitumiwa kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya vyuma vilivyounganishwa.

Ian Donald alikuwa daktari wa wanawake katika mji wa Glasgow, Scotland, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwahi kutumikia jeshi la anga, ambako alizifahamu mashine za namna hiyo. Mwaka 1955 alikwenda katika kiwanda kimoja cha mitambo karibu na Glasgow, akiwa amepakia katika magari mawili vimbe zilizotolewa kwa wagonjwa baada ya kupasuliwa. Wenye kiwanda nao walikuwa na pande kubwa la nyama ya ng'ombe, la kulinganishia. Wakaziweka mbele ya mashine ya kupimia vyuma, na mashine ikajibu: uvimbe uliojaa maji ulitoa mwangwi wa namna moja, na uvimbe wa nyama ngumu mwangwi wa namna nyingine. Donald akaendelea na kazi hiyo pamoja na mhandisi kijana, Tom Brown, na daktari mwenzake, John MacVicar.

Akaletwa mwanamke aliyekuwa amejaa tumbo na kudhoofika. Madaktari walikuwa wamehukumu kwamba ana saratani ya tumbo isiyokuwa na tiba. Mashine ikaonyesha kwamba tumbo lote lile ni mfuko mmoja mkubwa wa maji, wenye mipaka yake. Akapasuliwa, mfuko ukatolewa, haukuwa saratani. Mwanamke aliyekuwa akingojea kufa akapona. Tarehe 7 Juni 1958 watatu hao wakachapisha makala yao juu ya kuchunguza vimbe za tumboni kwa mwangwi wa sauti. Watu wengi hudhani mashine hii ilibuniwa ili kuwatazama watoto walio matumboni mwa mama zao. Hilo lilikuja pamoja, lakini makala iliyoifungulia mlango ilihusu vimbe.

Mashine ya ultrasaundi ambayo Bibi alikutana nayo mjini, wiki ile ile, haikuwa kubwa kuliko meza ya cherehani. Chumba kilikuwa na giza dogo la pazia. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo. Alimwacha mtoto akae juu ya mapaja ya mama yake, akampaka ute mzito wa baridi ubavuni. Ute huo si dawa. Kazi yake ni kuondoa hewa baina ya ngozi na kifaa, kwani sauti hii haipiti hewani: ikikutana na hewa hurudi yote, na picha hufungika. Mtoto akalia kidogo kwa baridi, kisha akanyamaza, akabaki kutazama mwanga. Hakupigwa sindano, hakulazwa usingizi, hakupitiwa na mionzi. Kwa sababu hizo mtoto mwenye uvimbe wa tumbo huanziwa na kipimo hiki kabla ya vingine.

"Sasa nawe unalichua," Bibi akasema, alipoona kifaa kinateleza juu ya mafuta.

"Naligusa tu, bibi. Silikandamizi. Nalisikiliza."

Alisema kweli. Ndani ya kile kifaa, kilicho na ukubwa wa kipande cha sabuni, mna vijiwe vyembamba vyenye tabia ambayo ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waliigundua mwaka 1880: ukivibana hutoa umeme, na ukivipa umeme hutetemeka. Hutetemeka mara mamilioni kwa sekunde moja, ilhali sikio la binadamu haliwezi kupokea zaidi ya mara elfu ishirini. Mtetemo huo huingia mwilini kwa mwendo wa kiasi cha mita 1,540 kwa sekunde, na kila unapovuka mpaka, wa ngozi na nyama, wa nyama na maji, wa ini na figo, sehemu yake hurudi. Vijiwe vile vile vilivyotoa sauti huupokea mwangwi, navyo huugeuza tena kuwa umeme, na mashine huhesabu muda na kutia nukta kiooni. Nukta elfu na elfu huwa picha. Bildi ile ile, ila imeteremshwa mara nyingi mno na kwa haraka isiyosemeka, na kina chake kinahesabiwa kwa milimita.

Mtu asiyejua akitazama kioo huona mvua ya kijivu. Mwenye kujua husoma, na usomaji wake una utaratibu. Huuliza kwanza: je, ni uvimbe kweli? Maana tumbo la mtoto hudanganya. Katika mtoto mchanga, kilichojaa aghalabu ni figo yenyewe iliyofura kwa mkojo uliozuiliwa, nayo kiooni huwa nyeusi kabisa, kwa kuwa maji hayarudishi mwangwi. Pengine ni bandama kweli, kama alivyosema Bibi. Pengine ni jipu, au kinyesi kilichogandamana. Kwa hivyo picha haiji kwa ajili ya kuhukumu tu. Watoto wengi huwaachia huru.

Pili huuliza: umetoka wapi? Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake limo katika ukingo. Uvimbe ukiota ndani ya figo, nyama nzima ya figo iliyobaki hunyooshwa na kuuzunguka pande mbili, mfano wa gando la kaa lililobana kitu. Madaktari wameupa mwonekano huo jina hilo hilo la gando. Lakini uvimbe ukiota nje ya figo, figo husukumwa nzima nzima, ikateremshwa au kugeuzwa, bila ya kutanuka. Huenda ukawa ni ule utokao katika tezi iliyo juu ya figo au katika neva za pembeni mwa uti wa mgongo, uitwao nyuroblastoma. Huo una tabia nyingine: huvuka katikati ya tumbo, huizingira mishipa mikubwa badala ya kuisukuma, na mara nyingi huwa na chembe za chokaa ndani yake, zinazong'aa kiooni kama mchanga. Ukitoka katika ini, ni habari ya tatu. Kila asili ina dawa zake, na aliyekosea asili amekosea tiba.

Mtaalamu akakiteremsha kifaa, akakipandisha, akakisimamisha. Pale kiooni palikuwa na duara kubwa la kijivu, na ukingoni mwake ukanda wa nyama nyingine, umejikunja kulia na kushoto. Hakusema. Akabonyeza kitufe, picha ikatiwa rangi nyekundu na buluu, rangi za damu inayokwenda na inayorudi. Alikuwa akiutafuta mshipa wa figo na ule mkubwa urudishao damu moyoni, kwani uvimbe wa Wilms una desturi ya kutambaa ndani ya mshipa kama mzizi ndani ya mfereji. Mshipa ulikuwa wazi. Akahamia upande wa kulia, kuitazama figo ya pili, maana watoto wengine huugua pande zote mbili. Ilikuwa nzima. Akatazama ini, likawa safi.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, buibui limemteremka mabegani.

"Mwanangu," akasema, "ni mkono wangu?"

Yule mwanamke akageuka. Angeweza kusema maneno mepesi. Badala yake alirudisha kifaa tumboni, akauzungusha ukingo wa uvimbe wote, taratibu, kisha akatazama chini ya ini na nyuma ya kibofu, mahali ambapo maji au damu iliyomwagika hukusanyika.

"Maradhi haya hayaletwi na kuchua, bibi. Yalikuwamo. Na kwa ninavyoona, ngozi yake haikupasuka. Lakini picha haioni kila kitu."

Bibi akashukuru. Maneno ya mwisho ndiyo aliyoondoka nayo.

Wakavuka, kwanza Unguja, kisha Dar es Salaam. Kule kulikuwa na kipimo kingine, CT, ambacho kizazi chake kilianza London tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya kichwa kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Ni eksirei izungukayo mwili na kuukata kwa macho vipande vipande, kama mkate wa kumimina unavyokatwa ili kuonekana tabaka zake. Huonyesha uvimbe mzima kwa vipimo, jinsi ulivyokaa na mishipa na viungo jirani, nayo huonyesha mapafu, mahali ambapo uvimbe wa Wilms hukimbilia kwanza ukihama. Lakini mionzi yake ni mingi kuliko ya picha ya kawaida, na mwili wa mtoto, ambao bado unakua na una miaka mingi mbele yake, huumizwa na mionzi zaidi kuliko wa mtu mzima. Kwa hivyo kanuni ni kupunguza: kipimo kidogo kinachotosha, mara chache zinazotosha. Iko pia MRI, itumiayo sumaku bila ya mionzi, ila humtaka mtoto atulie muda mrefu, na mtoto wa miaka mitatu hatulii ila kwa dawa ya usingizi.

Katika wodi ile kitanda cha pili kilikuwa cha mtoto wa kike kutoka bara. Naye alikuwa na tumbo lililojaa, lakini wake ulikuwa ule uvimbe wa neva, na ulipoonekana ulikuwa umekwisha kuingia mifupani. Alikuwa ametibiwa miezi mingi kwa majina mengine: homa, upungufu wa damu, maumivu ya miguu. Mama yake na Bibi walizoeana, wakigawana chai na chapati. Asubuhi moja kitanda kile kilikuwa kimetandikwa shuka mpya.

Cha tatu kilikuwa cha mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt. Mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alipoteza jicho moja utotoni, na kwa jicho lililobaki aliona ambacho wengi wenye mawili hawakukiona. Akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1957, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya. Baadaye akatambua kwamba watoto hao hao aghalabu huwa na vimbe tumboni pia, katika figo, ini au vifuko vya mayai. Aliandika habari yake mwaka 1958, na mwishoni mwa 1961 akaondoka na wenzake wawili kwa gari kuukuu, wakasafiri kiasi cha kilomita 16,000 hospitali kwa hospitali, wakiuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana na ni wapi hauonekani. Ulionekana palipo na joto, mvua na mbu. Watafiti baadaye walivitaja hata visiwa vya Zanzibar, ambavyo wakati ule vilikuwa katika kampeni kubwa ya kuondoa malaria, kuwa ni miongoni mwa mahali ambapo uvimbe huo ulikuwa nadra, ingawa mwambao wa pili wa bahari ulikuwa nao. Hiyo nayo ilikuwa picha, ila iliyopigwa ni nchi. Uvimbe huo hukua kwa kasi ya siku, na kwa bahati huyeyuka kwa dawa kwa kasi hiyo hiyo, endapo utatambuliwa. Yule mtoto wa kitanda cha tatu tumbo lake lilikuwa limeshuka ndani ya wiki moja.

Mjukuu wa Bibi hakupasuliwa mara moja. Kuna njia, iliyoenea Ulaya na inayofuatwa katika hospitali nyingi za Afrika, ya kuanza kwa dawa wiki kadhaa ili uvimbe unywee na ngozi yake ikazane, kisha ndipo kisu. Na katika njia hiyo, maadamu umri wa mtoto na picha vinakubaliana, dawa huanza bila ya kukata kipande cha nyama kukipeleka maabara. Hebu neno hili lipimwe uzito wake. Sumu inatiwa katika mshipa wa mtoto mdogo kwa ushahidi wa nukta za kijivu. Hapo ndipo ilipo thamani ya msomaji. Mashine bila ya msomaji ni kama waraka wa hati za Kiarabu uliorithiwa na wasiojua herufi: umehifadhiwa vizuri sandukuni, na hakuna ajuaye kama ni utenzi au ni deni. Mashine hununuliwa kwa mwezi mmoja, ila mtu wa kuisoma hulelewa kwa miaka.

Moja ya dawa hizo, vinkristini, hutokana na ua dogo lenye petali tano, jeupe au la waridi, ambalo asili yake ni Bukini na ambalo limejiotea katika nyua nyingi za mwambao. Bibi alipoambiwa, uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu Pemba. Akataka kujua majani yake huchemshwa vipi. Muuguzi akamshika mkono: "Hayachemshwi, bibi. Nyumbani ni sumu." Bibi akatikisa kichwa, akasema ni kweli, hata mkono mzuri una mahali pake.

Baada ya wiki za dawa, picha ikapigwa tena, ya ultrasaundi. Lile duara lilikuwa limepungua, gando limelegea. Mtoto akapasuliwa, figo ya kushoto ikatolewa pamoja na uvimbe wake, ngozi yake nzima. Figo moja humtosha mtu kuishi. Katika nchi tajiri watoto wengi sana wenye uvimbe huu hupona. Katika nchi maskini hupungua, na tofauti hiyo haitokani na ubaya wa uvimbe. Hutokana na kuchelewa, na umbali, na nauli, na tiba iliyoachwa katikati. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliuweka uvimbe wa Wilms, na ule wa Burkitt, miongoni mwa saratani sita za watoto zitakazopewa macho kwanza, kwa shabaha ya kuokoa angalau watoto 60 katika kila 100 wenye saratani ifikapo 2030. Shabaha hiyo itafikiwa au haitafikiwa kutegemea yanayotokea mapema sana, uani, wakati wa kuosha.

Mtoto sasa anasoma skuli. Ana kovu refu ambalo huwaonyesha wenzake kwa majivuno, akidai ni la papa. Miezi ilikuwa ikipita akirudishwa kwenye chumba cha pazia, akipakwa ute wa baridi; alizoea hata akawa anamwambia mtaalamu aanzie upande gani.

Bibi angali anachua. Wazazi waliojifungua humwita, na wachumaji karafuu, na wenye viuno. Watoto pia huletwa. Yeye humlaza mtoto, huweka mkono tumboni mara moja, umekunjuka, bila ya kubonyeza, kama alivyomwona yule tabibu kijana. Mara nyingi ni msokoto tu, naye humimina mafuta. Lakini mara mbili, tangu arudi, mkono wake umekutana na kitu kigumu. Mara zote mbili alikiziba kichupa, akamfunika mtoto kanga, akamwuliza mama mtu kama ana nauli ya kwenda mjini. Mmoja wa watoto hao alikuwa na bandama tu. Bibi alipoletewa habari hiyo alisema alhamdulillahi, akaomba aonyeshwe ile picha, akaitazama muda mrefu dirishani, akiupitisha ukingo wake kwa kidole.